Alificha, Alifichwa

Mama yangu hajasema hata siku moja kwamba baba alizikwa. Anasema alifichwa. Kwake yeye, kuzika ni kilio, ni watu kulala inje siku za matanga, ni musalaba wa mbao, ni wanaume wa ukoo kupokezana jembe mupaka udongo usimame. Baba hakupata hata kimoja. Mama na baba mudogo, ndugu ya baba, walimuingiza mu udongo mbiombio katikati ya miti ya kahawa, bunduki zinalia ngambo ya kilima, wakatandika majani juu ili fasi isijulikane, wakakimbia. Hata kulia hakulia. Sauti ingewarudisha wale waliomuua. Ndiyo maana anasema siye tulimuficha, na ukimusahihisha anakasirika.

Mimi sikuwa pale. Nilikuwa nimekwisha kimbia vita, nimefika Bunia na mutoto mugongoni. Baba mudogo naye alikufa baadaye kwa ugonjwa. Kwa hiyo fasi baba alipolala ilibaki inajulikana na mutu mumoja tu, na mutu yule macho yake siku hizi inaona kivuli. Hiyo ndiyo ilikuwa inaninyima usingizi: mama asikufe mbele ya kunionyesha. Nilitaka kumutoa baba pale, nimulete fasi yenye watu, tumulilie. Sikutaka kitu kingine.

Ile fasi ni ferme, shamba la zamani la muzungu, juu ya kilima, upande wa njia ya Bogoro. Baba alikuwa kapita wake, musimamizi wa watu wa kahawa. Muzungu aliondoka mbele ya mimi kuzaliwa. Alimuachia baba funguo, akamwambia chunga, nitarudi. Hakurudi. Baba akachunga. Kila mwaka aling'oa majani kwenye uwanja wa simenti wa kukaushia kahawa, akapaka chokaa mashina ya miti ya mbele ya nyumba, kama vile bwana iko njiani. Watu walimucheka, wakamuita kapita wa upepo. Kisha kicheko kikageuka. Wakaanza kusema: mutu hawezi kuchunga kitu tupu miaka yote hii. Pale chini muzungu aliacha mali, na kapita anajua.

Hakukuwa mali. Nilikulia pale, nilifagia ile nyumba. Kulikuwa sahani zilizovunjika, chupa, kufuli bila funguo, na mashini ya kumenya kahawa iliyokufa zamani. Na nyuma ya zizi kulikuwa dipingi, lile shimo refu la simenti ambamo ngombe walikuwa wanaogeshwa dawa ya kupe. Ndiyo hiyo mali.

Majina sitaandika, maana watoto wao wanacheza na wajukuu wangu. Lakini nitasema ni nani, na wenyewe watajijua. Waliokuja kumuua baba walikuwa wengi, ila mama aliwatambua watatu. Mumoja alikuwa anachukua maziwa kwetu kila asubuhi, na baba hakumunyima hata siku ngombe zilikauka. Mumoja alikuwa anaimba kwaya moja na mama. Wa tatu leo anauza mafuta mu chupa kando ya njia hapa Bunia. Akiniona anageuza uso, kama vile ni mimi nilimukosea. Yule wa maziwa ndiye alimupiga mama kitako cha bunduki mu mudomo. Hakuna muganga aliyemushona. Mudomo ulipona wenyewe, vibaya, umevutwa upande, na mupaka leo haufungiki.

Mutu ambaye mudomo wake haufungiki, maneno yake inapotea njiani. Mama akisema mutoto alipigwa, unasikia mutoto alipiga. Siye wa nyumba tumezoea. Watu wa inje wanacheka. Siku moja alienda kwa jirani kulalamika kwamba kuku wake ameibwa, jirani akashika tumbo: "Mama, kuku wako ameiba nini? Sufuria?" Mama naye akacheka. Alikuwa bado anacheka wakati ule.

Sasa kuna ndugu yangu mumoja, mutoto wa baba mudogo. Alizaliwa hapahapa Bunia, jembe anaiona kwa wengine. Ameuza yuniti za simu, ameuza saa, ameuza viatu vya mukono wa pili. Miaka hii amejishikiza kwa mutu mumoja anayekaa mu hoteli, ambaye kazi yake ni kununua vitu vya zamani: makuta, feza za chuma za wakati wa Wabelgiji, taa, sanamu, meno ya wanyama. Siye tunamuita patro, yaani bosi, kwa sababu vijana wake wa kuchimba wanamuita vile. Patro iko na mashini ya kusikia chuma chini ya udongo, ile ile wanayotumia kule ku machimbo ya zahabu.

Tulikutana na huyu ndugu kwenye matanga ya mutu wa ukoo. Mimi nilikuwa nyuma, ku masufuria. Yeye akaenda kukaa na mama, akamuletea soda, akamufungulia kabisa. Akamuuliza, "Mama mukubwa, kule ku ferme, fasi ya muzee ni wapi?"

Mama aliniambia yote wakati tulirudi nyumbani. Sijamuona na furaha ile tangu vita. Aliwaza kwamba hatimaye mutu mwanaume wa ukoo ameuliza fasi kaka ya baba yake alilala. Alijua maana yake ni moja tu: wanataka kumutoa.

"Nikamwambia," mama akasema. "Muzee alifichwa pale chini ya uwanja wa kahawa, mustari wa kwanza wa miti, upande jua inatokea. Nikamwambia na waya iko juu."

Waya ile ni ile ya kukaushia kahawa, kitanda cha waya chenye mbao pembeni. Walimufunika nayo ili imbwa wasimufukue.

Mama alisema alifichwa. Yule alisikia alificha. Muzee alificha pale, na chuma iko juu. Mutu wa kwetu hata ungemuamsha usingizini angejua mama anasema nini. Lakini yule alikuwa na zahabu mu masikio. Hakuuliza mara mbili.

Siye tukakaa tukangoja. Mama alinituma nitafute shuka jeupe, nikalitafuta. Aliuliza kama padri atakubali kuombea mifupa. Ndugu hakuja. Simu yake haikuitika. Nikasema ni njia, njia imefungwa, watu wanauana tena kule. Nilimutetea, ebu fikiri.

Mimi ninauza samaki ya chumvi ku soko. Mama mumoja wa kule kilimani anatuletea mihogo na maboga njia ikifunguka. Siku hiyo alifika, akatua muzigo, hakunisalimia kwanza. Akaniangalia kwa pembeni.

"Kumbe siku hizi unauza samaki kwa kujifurahisha?"

"Mama, nimefanya nini tena?"

"Matajiri! Kule kwenu wanachimba kama panya. Vijana, mashini, bashi ya bluu, turubai kubwa kabisa. Wanatoa mali ya muzungu ya baba yako, na weye bado unanihesabia samaki kichwa kwa kichwa."

Wenzangu wa meza wakacheka. Mumoja akasema, "Ndiyo maana tangu jana hakopeshi!"

Mimi sikucheka. "Wanachimba wapi, mama? Sema vizuri. Upande gani?"

"Kwenye simenti ile. Chini yake. Eh, unaenda wapi?"

Nilifunika samaki, nikamuachia mwenzangu meza, nikaenda nyumbani. Nilitaka kwenda mimi peke yangu. Mama akakataa. Akasema, "Weye unajua nini? Utaenda kuona mashimo. Mimi ndiye ninajua mutu wangu." Akavaa kitenge chake cha kanisa.

Tulipanda pikipiki moja, mama katikati. Njia ilikuwa imetulia kidogo mwezi ule, lakini barieri za kusimamisha watu zilikuwa kila kona, na kila askari alitaka kujua mama kipofu anaenda kufanya nini kule juu. Nilijibu tunaenda kwenye kilio. Haikuwa uongo. Wakatuacha.

Ile kilima niliijua kwa miguu, lakini siku ile nisingeijua. Uwanja wa simenti ulikuwa umepasuliwa kwa nyundo. Ukiteremka chini yake, pale miti ya kahawa ilikuwa, hakukuwa tena mustari wa kwanza wala wa pili. Ilikuwa mashimo yamepakana, udongo mwekundu umelundikwa, mizizi ya kahawa inaangalia mbingu. Nyumba ilikuwa imechimbwa mupaka ndani ya jikoni. Vijana walikuwa mu mashimo mupaka kiuno. Patro alikuwa anatembea polepole, vitu vya kusikilizia mu masikio, anapitisha mashini yake juu ya nyasi kama mutu anayepiga pasi.

Ndugu yangu alikuja anakimbia, mikono wazi.

"Mama mukubwa! Umefika! Nilisema ni wewe utatuonyesha! Yaya, dada yangu, karibuni. Hatujagusa kitu ya maana bado, lakini vidogo vidogo iko inatoka."

Akatupeleka kwenye bashi. Walikuwa wamepanga vile vitu kama mutu anayeuza. Chupa za rangi ya kijani. Makuta yenye tundu katikati. Kufuli. Bawaba za mulango. Sahani nusu yenye maua ya bluu. Ile sahani niliivunja mimi nikiwa mutoto nikapigwa. Gurudumu la mashini ya kahawa. Na pembeni kabisa, pale walipoweka visivyo na bei, waya imekunjamana, nyekundu kwa kutu.

Mama alikuwa anapapasa. Mukono wake ulipita juu ya chupa, juu ya gurudumu, ukafika kwenye waya. Ukasimama pale. Akaikamata kwa vidole vyote, akaifuata mupaka kona, pale iliposhonwa kwa kamba ya chuma. Kona ile aliishona yeye mwenyewe, kahawa ikiwa bado kahawa.

"Hii ilikuwa juu ya uso wake," akasema.

Ndugu akaniangalia. "Anasema nini?"

"Uliza yeye."

"Mama mukubwa, hii waya ndiyo alama? Muzee alificha chini ya hii?"

"Ndiyo. Alifichwa."

"Mumesikia?" akawaita vijana, anacheka, meno yote inje. "Si niliwaambia! Mama mwenyewe anasema: alificha!"

Hapo ndipo nilipiga kelele. Nilisema mupaka koo ikauma. "Alifichwa, weye mujinga! Alifich-wa! Baba yako ndiye alimuficha, na mikono yake! Kaka ya baba yako iko chini pale, si zahabu! Mnachimba mutu!"

Muchimbaji mumoja, mwenye umri kupita wengine, alipanda kutoka mu shimo lake, akapangusa mikono kwenye suruali, akafanya ishara ya musalaba. Wengine wakafuata, mumoja mumoja, kama maji imewaingilia.

"Patro, mimi nilisema," yule muchimbaji akasema. "Wakati tulitoa hiyo waya. Nilisema hii kichwa ni ya mutu. Muliza huyu ndugu yao."

"Ulisema hivyo?" nikamuuliza. "Na yeye akajibu nini?"

"Alisema ni nyani."

Nikamugeukia ndugu yangu. Alikuwa anaangalia viatu vyake. "Yaya, nyani iko mingi huku. Weye mwenyewe unajua. Na mifupa ya ngombe iko kila fasi, waliuaga ngombe yote hapa. Ningejuaje?"

"Nyani wanavaa shati?" muchimbaji akauliza. "Kulikuwa vifungo."

Patro alitoa vile vitu mu masikio. Alikunja mashini yake mara tatu, akaiweka mu mufuko. Akasema kwa upole, kama mutu anayeaga kwenye harusi, "Mimi ninanunua vitu vya zamani. Sinunui kesi." Akachagua makuta yake na zile chupa, akawasha pikipiki, akashuka. Huyo naye nimemuweka kwenye hesabu yangu. Mutu aliyeambiwa habari ya kichwa siku ile na akaendelea kutembeza mashini.

Mama alikuwa bado ameshika waya. Aliuliza tu, "Mulimuweka wapi?"

Yule muchimbaji alinyoosha mukono, halafu akakumbuka kwamba mama haoni, akasema, "Mu dipingi, mama. Yeye alisema tutupe yote kule, ya ngombe na ya nyani, tusijikwae."

Nilimupeleka mama kwa mukono. Dipingi ilikuwa imejaa maji ya mvua, kijani, nzito. Ile shimo ni refu kupita mutu, na chini yake kuna matope ya miaka na ile dawa ya kupe ambayo tangu utoto tulikatazwa hata kugusa. Nilitafuta fito ndefu, nikaingiza, nikakoroga. Fito ilirudi na matope, na mara moja kitu kilishikika, nikavuta, ikawa ubavu wa ngombe. Nikaingiza tena. Vijana walikuwa wanatuangalia kwa mbali. Niliingiza mupaka mikono ikakufa ganzi. Mifupa yake ingekuwa fasi moja tungejua, tungesema huyu ni yeye. Lakini zizi zima lilikuwa mule ndani, miguu na mbavu na vichwa, na yeye katikati yao.

"Acha," mama akasema. "Acha, mwanangu. Utamuchokoza."

Akaketi chini kwenye ukingo wa simenti. Akafungua kitambaa cha kichwa, nywele zake nyeupe zikaanguka. Akaanza kulia.

Sijawahi kusikia mama yangu akilia vile. Ule mudomo uliopasuka, ambao haukuweza kushika maneno, ulishika kilio chote. Kilishuka kilima chote. Akamuita baba kwa jina la ukoo wake, akamusema yote, kuchunga kwake, ujinga wake, miti aliyoipaka chokaa, maziwa aliyogawa.

Kwetu mufiwa haachwi kulia peke yake. Kwenye njia ya chini walikuwa wanapita wamama na mihogo, na yule mama wa kilimani anayetuletea mihogo ku soko kati yao. Nikawaona wanasimama, wanatua mizigo kwenye majani, wanafunga vitenge kiunoni, wanapanda. Walifika tayari wanalia. Hawakujua hata ni nani. Walikaa karibu na mama, wakamushika mabega, na mumoja akamuuliza mu sikio, "Nani amekufa, mama?"

"Bwana yangu."

"Pole. Amekufa lini?"

"Leo," mama akasema.

Wakalia.

Mama alipochoka akamuita ndugu yangu. Alikuja. Nilidhani atamulaani, na nilikuwa tayari kuitikia laana. Lakini alisema, "Udongo wa kwanza ni wa mwanaume wa ukoo. Hakuna mwingine. Tupa." Na yeye akachukua jembe, yule asiyejua jembe, akasukuma udongo wa mashimo yake mwenyewe mu dipingi, na maji ikaruka. Alilia. Alilia vizuri, machozi ya kweli, kamasi mupaka kidevuni, na hata pale nilimuchukia. Ninamuchukia mupaka ninapoandika hii. Mama anasema ni mutoto, alisikia vibaya. Alisikia vibaya alificha, sawa. Lakini kichwa hakikusema neno. Kichwa alikiona kwa macho.

Vijana nao wakashika majembe. Udongo haukukosekana, kilima chote kilikuwa malundo. Wamama walibeba kwa mabeseni ya mihogo. Maji ya kijani ilipanda, ikamwagika kwenye majani, ikanuka. Tulikuwa hatujafika nusu wakati askari wa barieri ya juu walikuja kutuambia tushuke, kuna milio ya bunduki upande wa pili, njia inafungwa. Nilimuomba mukubwa wao atuachie kidogo. Alisema, "Mama, mufu hana haraka, ninyi ndio muko na haraka." Tukashuka. Mama alikuwa ameshika ile waya mapajani njia yote, ikamutoboa kitenge.

Kisha njia ikafungwa kweli, muda murefu. Mama alitaka turudi tumalizie. Aliniambia kaburi la nusu ni kama mulango wazi, na kila akisikia pikipiki inasimama inje anauliza kama ni habari ya kule.

Habari ilikuja. Yule mama wa mihogo alirudi soko, na safari hii hakufanya muzaha. Alinivuta pembeni ya meza. Akasema vijana wamerudi kilimani, na watu wengine wapya pamoja nao, na ndugu yangu ndiye anawaongoza. Anawaeleza sasa kwamba yeye hakukosea. Kwamba wazee wa zamani walikuwa wajanja, mali wanaiweka chini, mufu wanamuweka juu, ili watu waogope. Na kama kapita alichunga akiwa muzima, ni hakika alichunga na akiwa amekufa.

"Wanatoa ule udongo tulioweka," akasema. "Mu dipingi. Fasi ingine yote wamekwisha chimba, sasa wanataka kufika chini ya mifupa."

Nilimushukuru. Nilimupa samaki, hakutaka, nikamulazimisha. Nilienda kwa shefu, mukubwa wa kijiji cha kule, ambaye anakaa huku mujini kama siye wakimbizi, akanisikiliza, akasema ferme ile si ya baba yangu, ni ya Serikali, kwa hiyo sina cha kushitaki. Huyo pia nimemuandika kwenye hesabu yangu. Mama sijamwambia kitu.

Sasa njia iko wazi. Pikipiki zinapanda na kushuka Bogoro, mizigo inaingia soko kila asubuhi, mutu yeyote anaweza kwenda. Jioni ninarudi nyumbani na harufu ya samaki, ninakuta mama amekaa mulangoni, kitenge chake cha kanisa amekikunja juu ya magoti. Anasikia hatua yangu, anainua uso.

"Njia imefunguka?"

"Bado, mama," ninamujibu. "Bado kidogo."